Jalada la Mashine ya Kukimbilia

Jumatatu saa nne asubuhi simu ilipolia, Mama Masjala alikuwa mezani akipanga mifuniko ya vyombo vyake vya plastiki kuanzia mdogo hadi mkubwa, kazi ambayo alikuwa ameshaifanya Ijumaa. Mambo yalikuwa yamefika huko. Mwanamke aliyekaa miaka thelathini na mitatu katika chumba kisicho na dirisha, akitunza majalada ya watumishi elfu nne na mia mbili bila kupoteza hata moja, sasa alikuwa anatunza mifuniko. Alipostaafu, miaka mitano iliyopita, walimmwagia sifa, wakampa saa ya ukutani, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemuuliza karatasi yoyote iko wapi. Jina la kazini ndilo lililobaki. Hata mwenye duka la kona alimwita hivyo hivyo bila kujua kwamba masjala ni chumba cha majalada. Alidhani ni kijiji anakotoka.

Aliibonyeza simu iongee kwa sauti, maana hakupenda kuzungumza bila kalamu mkononi. Mwanamume fulani akataja majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

"Ndiye mimi," akajibu. "Karibu."

"Mama, unadaiwa." Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyejizoeza kuongea kwa kifua. "Sisi ni wakusanyaji wa madeni. Miaka sita iliyopita ulichukua kwa mkopo mashine ya kukimbilia ndani ya nyumba, ile yenye mkanda unaozunguka. Ukalipa awamu mbili, ukakaa kimya. Pamoja na riba na faini, leo ni laki tisa na elfu arobaini. Tunakupa siku kumi na nne. Baada ya hapo tunakuja kubeba vitu."

Mama Masjala aliyatazama magoti yake. Magoti hayo hayakuwahi kukimbilia kitu chochote, hata basi. Basi likimwacha, alikuwa akisubiri lingine kwa heshima zote.

"Nikimbilie wapi?" aliuliza, kwa udadisi wa kweli kabisa.

"Mama, usilete mzaha."

"Sileti. Una karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Ya deni. Mkataba niliosaini mimi."

Mtu yule alizoea kuambiwa kwamba mdaiwa amesafiri, amelazwa, au simu si yake. "Iko kwenye mfumo," akasema hatimaye.

"Mfumo hausaini. Lete karatasi."

Akakata simu. Alipoinua uso, mashavu yalikuwa yamepanda juu na macho yanang'aa. Alikuwa amesahau kabisa mifuniko. Ndipo akamwona binti yake. Nesi, kwani ndiyo ilikuwa kazi yake na ndivyo kila mtu alivyomwita, alikuwa ametoka zamu ya usiku na kupitia kunywa chai. Kikombe chake kilikuwa kimesimama katikati ya meza na mdomo.

"Mama," akasema polepole, kwa sauti ile anayoongelea na wagonjwa wa wodi ya wazee, "mwaka ule si ndio daktari alikuambia ufanye mazoezi?"

"Aliniambia nitembee. Nikatembea mpaka nyumbani."

"Huenda uliinunua, ikakuchosha, ukampa mtu. Ukasahau."

Neno hilo lilikuwa linazunguka ndani ya nyumba tangu mwezi wa tatu, siku maharage yalipoungua. Yalipoungua mara ya pili, Nesi alipaka rangi chumba cha wageni kwake, rangi ya maziwa, akanunua kitanda kifupi kisichosumbua magoti, kisha akaanza kutaja habari za kuhama kana kwamba anazungumzia hali ya hewa. Alikuwa anaishi upande wa pili wa mji, peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu, tangu ndoa yake ilipovunjika mwaka juzi. Kwamba nia yake ilikuwa njema, Mama Masjala hakubisha. Alichokataa ni kuhamishwa nyumbani kwake kama jalada la mtumishi aliyefukuzwa kazi, tena kwa kosa la maharage.

"Tukubaliane," akasema, huku akiisukuma mifuniko pembeni. "Likionekana deni ni langu na mimi silikumbuki, basi kichwa kimekwisha. Mwisho wa mwezi nafunga virago nakuja kwako, na sitanung'unika. Likionekana si langu, usinitajie tena kusahau."

Nesi aliweka kikombe mezani. Alikuwa amechoka, na ndani ya moyo alikwisha kuona kitanda kifupi kimetandikwa.

"Haya, Mama," akasema. Wakapeana mikono.

Kabla Nesi hajafika kituo cha basi, jalada lilikuwa limeshafunguliwa. Chini ya kabati la nguo kulikuwa na majalada sita matupu ya rangi ya kaki, ambayo Mama Masjala aliyanunua kwa pesa yake wiki ile ile ya kustaafu, kwa sababu ambayo hakuweza kumweleza mtu. Akachukua moja, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: MADAI: MASHINE YA KUKIMBILIA. Akatoboa matundu, akapitisha uzi, akachonga penseli nyekundu ya kuandikia namba za kurasa. Akatoa na mhuri wake wa IMEPOKELEWA, ule wa tarehe za kuzungusha. Na tusielewane vibaya, haukuwa mali ya ofisi. Aliununua mwenyewe baada ya ule wa ofisi kuanza kuuruka mwezi wa Agosti.

Barua ya kwanza aliiandika kwa mkono, na mkono wake, ni lazima isemwe, ulikuwa mzuri mno. Kila herufi ilisimama wima imenyooka, utadhani imepigwa pasi. "Tafadhali rejea simu yako ya leo saa nne na dakika saba," aliandika. "Madai yako siyakubali. Naomba uniletee mkataba wa asili wenye sahihi yangu, hati ya kukabidhiwa mashine, na barua inayoonyesha kwamba duka limekupa wewe mamlaka ya kudai. Mpaka hapo, usibebe kitu." Sentensi ya mwisho haikuwa ya kiofisi, lakini aliipenda, akaiacha.

Mdai alikuja Jumatano. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, ndani ya suti ya buluu na viatu vya ncha vilivyong'arishwa mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake, na hapo hapo mlangoni akapata jina la Bwana Viatu. Tatizo ni kwamba ndani ya nyumba ile viatu vinavuliwa. Alipovivua, dole gumba la mguu wa kushoto lilikuwa limetoboa soksi na linachungulia sebuleni. Ni vigumu sana kumtisha mtu ukiwa katika hali hiyo, ingawa alijitahidi.

"Shikamoo, Mama. Sitaki tufike mbali."

"Marahaba, mwanangu. Keti hapo. Saini hapa."

Alikuwa ameshamfungulia daftari la kupelekea barua, lenye mistari ya tarehe, saa, jina na sahihi.

"Nasaini nini?"

"Kwamba umepokea barua."

"Mbona sijapokea barua yoyote?"

Mama Masjala akamkabidhi bahasha kwa mikono miwili. "Sasa umepokea."

Bwana Viatu akasaini. Akaambiwa aandike na jina kwa herufi kubwa, kwa sababu alichochora ni mistari tu. Akaandika. Akasoma barua mara mbili, dole gumba likijikunja na kujikunjua.

"Mama, mimi katika kazi hii nimeliliwa, nimetukanwa, kuna mzee alinifungulia mbwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa barua."

"Basi una bahati," akasema Mama Masjala. "Ijibu."

Alirudi Ijumaa, soksi mpya, na karatasi moja iliyochapwa. Mama Masjala alivaa miwani akaipitia taratibu kwa raha zake.

"Nani kaisaini?"

"Imetoka kwenye kompyuta."

"Mhuri?"

"Kompyuta haina mhuri, Mama."

"Kwa hiyo hii ni habari tu. Umeiandika vizuri, hongera, lakini ni habari. Mimi niliomba mkataba." Akaigonga IMEPOKELEWA kwa kishindo kilichotikisa vikombe, akaitia jaladani, akaandika namba nyekundu pembeni, kisha akamfungulia daftari apokee barua ya pili. Safari hii Bwana Viatu aliandika jina kwa herufi kubwa bila kuambiwa.

Mpaka hapo Mama Masjala alikuwa hajawahi kufurahi namna ile tangu astaafu. Usiku alilala kama mtoto aliyeoga. Asubuhi aliamka na sentensi tayari kichwani. Lakini Ijumaa ile mdai alipoondoka, alilifungua jalada ili afurahie kazi yake, na macho yakaangukia mstari wa tatu wa karatasi iliyochapwa. Jina lake lilikuwa sahihi. Namba ya simu sahihi. Na chini yake, namba yake ya utumishi, tarakimu zote saba.

Namba hiyo haijulikani mtaani. Haikuwemo kwenye kitambulisho, wala kwenye kadi ya benki. Mtu pekee aliyekuwa akiiandika ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na kwa hiyo ni yeye aliyempa mtu huyo.

Aliogopa. Akainuka, akaenda chumbani, akainama kwa shida akaangalia uvunguni. Akafungua stoo, akaondoa ndoo na mafagio. Akazunguka nyuma ya tangi la maji. Akarudi sebuleni akainua mito ya kochi, mmoja mmoja. Hapo ndipo alipojiona: mama mzima, mto mkononi, anatafuta chini yake mashine yenye urefu wa kitanda. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na kuinuka kutoka sakafuni kulimchukua dakika tano. Lakini katikati ya dakika hizo tano kicheko kiliisha, akabaki anajiuliza kama mtu aliyesahau huwa anajua kwamba amesahau. Alikitazama chumba chake, pazia alilolishona mwenyewe, alama za penseli mlangoni za kupimia urefu wa Nesi kuanzia miaka mitatu hadi kumi na mitano, kisha akairudisha mito mahali pake.

Barua ya tatu aliipeleka kwa miguu yake mwenyewe. Barua mbili zikikosa jibu, unaifuata ya tatu mpaka mezani kwa mtu. Ndivyo alivyofundishwa kazi na ndivyo alivyowafundisha wengine. Ilikuwa Jumatano iliyofuata, Nesi hana zamu, wakaenda wote. Njiani Nesi alikuwa amembebea mama yake mkoba, na Mama Masjala akauchukua tena.

Ofisi ya wadai ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Meneja alikuwa mwanamke mnene mchangamfu mwenye miwani kichwani, na walipoingia alikuwa anaitafuta miwani hiyo mezani. Alipoambiwa shida, akatupa mikono juu.

"Mikataba ya asili, Mama yangu? Lile duka lilipofungwa, tuliyanunua madeni yake yote kwa jumla. Karatasi zimo humo ndani. Mahali fulani. Sisi tunatumia orodha tu."

Akafungua mlango wa chumba cha nyuma.

Jamani. Karatasi zilikuwa kwenye maboksi ya maji ya chupa, kwenye mifuko ya nailoni, kwenye beseni. Zilikuwa chini ya sinki, na sinki linadondosha. Zilikuwa zimeegemea ukuta mpaka usawa wa kiuno, na juu yake mtu alikuwa ameweka sahani yenye mifupa ya samaki. Mtu mwingine angefunga mlango akaenda zake. Mama Masjala alisimama kizingitini, akavuta pumzi ndefu, akaipata ile harufu ya karatasi zilizokaa, na Nesi alimwona mama yake akipungua miaka ishirini hapo hapo.

"Nani alifanya hivi?" akauliza kwa upole wa kutisha.

Meneja na Bwana Viatu, aliyekuwa amekuja nyuma yao, wakatazama sakafu.

"Haya. Toeni hiyo sahani. Wewe, mwanangu, vua koti. Nesi, funga huo mfereji. Tunapanga kwa mwaka kwanza, halafu kwa herufi. Anayekutana na karatasi asiyoielewa asiiweke popote, aniletee."

Wakapanga. Saa tatu nzima walipanga, mikono ya shati imekunjwa, vumbi puani, Mama Masjala katikati ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa akipokea kwa mkono wa kulia na kutoa kwa wa kushoto. Hakuwa anasoma, alikuwa anatupa jicho tu. Kila mara alitoa amri mpya, na kila mara ilitiiwa. Meneja mwenyewe alivua viatu akaingia kazini. Saa sita na nusu Bwana Viatu alipiga kelele kwamba amepata mkataba alioutafuta miaka miwili, akaubusu. Nesi, ambaye hakutegemea kucheka siku ile, alicheka mpaka akaegemea ukuta, ukuta wa karatasi ukaporomoka, wakaanza upya mwaka mzima.

Kisha kutoka boksi lililokuwa chini ya sinki, Bwana Viatu akainuka na karatasi mbili zilizoshikamana. "Mama! Mashine ya kukimbilia!" Alisema kwa furaha kubwa, halafu akakumbuka kwamba kwa mama huyu hiyo haikuwa habari njema, na sauti ikafifia.

Nesi aliifikia kwanza. Mama Masjala alimwona binti yake akisoma, akamwona akiacha kusoma.

"Mama," akasema. "Ni mwandiko wako."

Ulikuwa wake. Hata kwa mbali aliujua: herufi wima zilizonyooka, namba ya utumishi tarakimu saba, namba ya simu, na chini sahihi yake yenye mkia, tarehe ya miaka sita iliyopita. Hakuikumbuka. Alitafuta kichwani, droo baada ya droo, na hakuona kitu. Akarudi kuketi juu ya ndoo. Nesi alichuchumaa mbele yake akamshika mikono miwili yenye vumbi.

"Si kitu, Mama," akamwambia. "Si kitu kabisa. Twende nyumbani." Upole ule ulimuuma kuliko deni lenyewe.

Mama Masjala alikubali kwa kichwa. Akanyoosha mkono achukue karatasi, ili angalau aiingize kwenye jalada na kulifunga kwa utaratibu. Akaigusa pini. Akaitazama pini.

"Hii imebanwa kinyume," akasema.

"Mama, tuiache."

"Nesi, hii imebanwa kinyume. Ukurasa wa pili umetangulia. Mjinga gani anabana hivi?" Akaivaa miwani, akazigeuza karatasi, na ukurasa wa kwanza ukatokea. Juu kabisa paliandikwa: Sehemu A, Mwombaji. Chini yake palikuwa na mwandiko ambao hakuna mtu mwenye akili timamu angeweza kuusoma, ungesema kuku amekanyaga wino akavuka ukurasa. Ule ukurasa wenye sahihi yake, juu paliandikwa, kwa herufi ndogo zilizopauka: Sehemu C, Uthibitisho wa Mwajiri. Nathibitisha kwamba mwombaji ni mtumishi wa ofisi hii.

Hakuna mtu mwenye akili timamu angeusoma, lakini Mama Masjala aliusoma mwandiko ule kwa miaka kumi na saba, kila siku ya kazi, kwenye pembe za majalada.

Alianza kucheka polepole, kutoka tumboni, ndoo ikalia chini yake.

"Ni bosi!" akasema. "Ni mkuu wangu wa kazi!" Na sasa droo ikafunguka, yote ikamwagika. Mkuu alikuwa anamwoza binti yake, na suti haikufunga. Aliingia masjala na fomu ameificha ndani ya gazeti, akafunga mlango, akamwambia kwa kunong'ona kwamba anachukua mashine ya kupunguzia tumbo na mtu asijue. Sehemu ya mwajiri ilitakiwa kusainiwa na mkuu mwenyewe, na mtu hawezi kujithibitisha mwenyewe, kwa hiyo amsaidie. "Na alipoinama kunionyesha pa kusaini, kifungo cha shati kikaruka! Kikanipiga hapa!" Akajigonga paji la uso. "Nilikitafuta nikampa. Kilikuwa cheupe, chenye matundu manne!"

Meneja alichukua karatasi, akateremsha miwani aliyoipata hatimaye, akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, na uso ukabadilika taratibu. "Waliotengeneza orodha," akasema kwa aibu, "nadhani waliandika jina walilolisoma."

"Walishindwa kumsoma mdaiwa, wakamdai mwenye mwandiko mzuri!" Bwana Viatu akasema, na hapo hata yeye akashindwa kujizuia. Wakacheka wote wanne katikati ya vumbi, wanashikana mabega. Nesi alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, amemkumbatia mama yake na ile ndoo yake pamoja.

Barua ya kufuta madai iliandikwa hapo hapo. Mama Masjala alisema maneno, meneja akaandika, na mara mbili akaambiwa aanze upya. Ilipofika kwenye mhuri, pedi yao ya wino ilikuwa imekauka kama mkate wa juzi. Mama Masjala akafungua mkoba, akatoa ya kwake.

"Sasa, Mama," akasema Bwana Viatu, akiwa ameshika kalamu tayari, "huyo mkuu wenu siku hizi anapatikana wapi?"

Mama Masjala alikuwa anamjua alipo, na namba ya jalada lake aliijua kwa moyo. Akalaza barua yake vizuri ndani ya mkoba.

"Hiyo ni siri ya mtumishi," akasema. "Andika barua ya maombi. Nitaijibu."

Na meneja alipowasindikiza mpaka kwenye ngazi, akauliza kwa haya kama Mama angeweza kuja walau siku mbili kwa wiki kuwasaidia kile chumba, naye aliambiwa hivyo hivyo, aandike barua. Ila hilo Mama Masjala alilisema huku akitabasamu mpaka masikioni.

Walipofika nje ya duka la magodoro, Nesi alisimama.

"Mama, nisamehe. Sitakutajia tena kusahau."

"Imepokelewa."

"Lakini bado nataka uhamie kwangu."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu tu, Mama."

"Mwanangu, umekaa saa tatu kwenye kile chumba hujajifunza kitu?" Akamshika mkono wavuke barabara. "Ukiwa na dai, lithibitishe. Kwa maandishi."

Alisema kwa utani. Lakini Jumapili mchana Nesi alikuja na bahasha, akamkabidhi mama yake akiwa amesimama wima, kisha akaenda dirishani akageuza mgongo. Ilikuwa karatasi moja ya daftari la hospitali. Juu aliandika: Yah: Mama kuhamia kwangu. Sababu ya kwanza ilikuwa maharage, ikafutwa kwa mstari. Ya pili ilikuwa ngazi, nayo ikafutwa, maana nyumba ya Mama Masjala haikuwa na ngazi hata moja. Ya tatu haikufutwa.

"Nikitoka zamu nafungua mlango na hakuna mtu wa kuniuliza nimekula nini. Naiacha redio wazi nikitoka, ili nikirudi nikute sauti. Nilisema unasahau kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuandika hivi."

Mama Masjala aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni ingawa haikuwa na vumbi, akaivaa, akaisoma mara ya tatu. Kisha akavuta mhuri, na safari hii aliugonga taratibu, vikombe havikutikisika. Akachukua penseli nyekundu akaandika pembeni kwa ule mwandiko wake, bila haraka, akamwita mwanawe aje achukue majibu.

Nesi akasoma. "Ombi limepokelewa na uthibitisho unatosha. Lakini kwa kuwa mwenye shida ni mwombaji, anayehama ni mwombaji. Chumba chako cha zamani kipo. Njoo na kile kitanda kifupi, nitakilalia mimi. Redio iache."

Alisimama hapo na karatasi mkononi, anacheka na analia na hajui aanze na kipi. Akafuta pua kwa mgongo wa mkono kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na urefu wa alama ya tatu pale mlangoni.

"Nisaini wapi?" akauliza.

Mama yake alikuwa ameshafungua daftari. "Hapa, chini ya Bwana Viatu," akasema. "Na jina kwa herufi kubwa."